Mkono Mmoja Mfukoni

Siku mbili kabla ya Krismasi ya 1750, huko Philadelphia, Benjamin Franklin alitaka kumuua bata mzinga kwa stima badala ya kisu. Stima yenyewe alikuwa ameihifadhi ndani ya mitungi miwili mikubwa ya kioo. Watu wakipiga gumzo, akajisahau: mkono mmoja ukagusa waya wa juu, mwingine umeshika mnyororo uliounganishwa na nje ya mitungi. Ikapita kifuani. Waliokuwepo walisikia mlio kama wa bastola; yeye hakusikia kitu. Baadaye aliandika barua akikiri kuwa anaona aibu.

Georg Wilhelm Richmann hakupata hata nafasi ya kuona aibu. Nyumbani kwake St. Petersburg alikuwa ameshusha chuma kutoka kwenye paa hadi ndani, apime nguvu za radi. Agosti 1753, akiwa mkutanoni, alisikia ngurumo akakimbia nyumbani. Alipokaribia kusoma kipimo, moto uliruka kutoka kwenye chuma hadi kwenye paji la uso wake. Akafa papo hapo. Chuma hakikuunganishwa na ardhi, kwa hivyo radi ilipita kwake.

Ile mitungi ndiyo babu wa kapasita iliyo ndani ya ile TV kuukuu unayotamani kuifungua. Hata ukichomoa plagi, bado inaweza kukurusha. Ndiyo maana mafundi huambiana: mkono mmoja uweke mfukoni. Ni sheria fupi, lakini kuna watu walioilipia.