Miaka 50 chini ya miavuli ya Kariakoo

Desemba 1975, Mwalimu Julius Nyerere alifungua rasmi jengo la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Nusu karne imetimia. Jengo hilo limepitia sifa, uhaba, msongamano, moto wa usiku wa Julai 10, 2021, kisha mafundi wa ukarabati. Tangu moto ule, gumzo la mjini limekuwa nani atapata kizimba, wapi na kwa kodi ya shilingi ngapi. Ni maswali ya haki, lakini yanalisahau lile lililotangulia: soko hili lilijengwa kwa ajili ya nani?

Mwanzo wake unafahamika. Palikuwa na shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schoeller, na serikali ya Kijerumani ililinunua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili iwahamishie hapo Waafrika wa mjini. Ukumbi wa soko ulikwisha kusimama vita vilipoanza. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916 na kuweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ndiko jina la Kariakoo lilikotoka. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, migongoni wamebeba unga wa wengine. Vita vilipokwisha, ukumbi ukarudi kwenye kazi uliyojengewa.

Kanuni za ujenzi za mwaka 1924 ziliugawa mji kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, huku kiwanja cha Mnazi Mmoja kikiachwa wazi katikati kama mpaka. Kwa hiyo soko la Kariakoo likawa ghala la chakula la watu waliolipwa kidogo kuliko wote mjini. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya utafiti wake mwaka 1956 na 1957, ameuchora mji huo vizuri katika kitabu kilichotoka mwaka 1963: makuli wa bandarini, matarishi, wapishi, vibarua wanaohesabu siku za mshahara. Mtu wa namna hiyo hanunui gunia. Hununua fungu la nyanya, kibaba cha mchele, nazi moja, dagaa wa mboga ya leo. Kesho atarudi.

Ndiyo maana Kariakoo ilikuwa pia kitovu cha siasa za bei. Mwaka 1934 wenye maduka madogo wa Kiafrika waliunda chama chao cha ustawi na biashara, kikiongozwa na Erica Fiah, Mganda mwenye duka mjini, ambaye mwaka 1937 alianzisha gazeti la Kiswahili, Kwetu. Miaka 20 baada ya chama cha Fiah kuundwa, TANU ilifungua ofisi yake dakika chache tu kwa miguu kutoka sokoni. Haikuwa bahati. Ukitaka kuzungumza na mji mzima, unakwenda mji unakonunulia mboga.

Baada ya uhuru, ukumbi wa zamani haukutosha tena. Ukabomolewa, na kazi ya kuchora soko jipya akapewa Beda Amuli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jina hili halitajwi inavyostahili. Amuli alitoka kusini mwa nchi, akasomea usanifu majengo Technion, Haifa, nchini Israel, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, wakati ambapo karibu kila jengo kubwa la Afrika Mashariki lilichorwa na Mzungu au Mhindi. Nchi iliyotimiza miaka tisa ya uhuru ilimkabidhi soko lake kubwa kuliko yote.

Angeweza kuchora boksi la vioo, maana ndiyo iliyokuwa fasheni ya wakati ule. Badala yake alitazama watu wetu wanauziana wapi tangu zamani, akaona ni chini ya miti. Akachora msitu wa zege: nguzo nene zinazochanua juu na kuwa miavuli mipana, mwavuli kando ya mwavuli, yote ikiwa paa moja kubwa. Kuta za pembeni ni za wazi, ili upepo wa bahari upite na harufu ya samaki na vitunguu itoke bila feni wala kiyoyozi. Mwanga huingia kwa juu. Mvua ya masika ikinyesha, paa huyakusanya maji na kuyateremsha ndani ya nguzo hadi kwenye matangi chini ya ardhi, kwa sababu soko la chakula bila maji ya kusafishia ni jalala.

Mpangilio wa ndani ulikuwa na akili ileile. Chini kabisa ni shimoni, mzigo wa jumla unakoshukia. Juu yake ni vizimba vya rejareja, na ghorofani maduka ya mbegu, dawa za mimea na zana za kilimo. Mkulima aliyeleta kabichi alfajiri aliweza kupanda ngazi akarudi kijijini na mbegu. Mama aliyeshuka kwenye basi alipata sehemu moja mchicha, bamia, kuku, viungo, na pembeni, kwenye soko dogo, ungo, kifumbu, chungu, na mbuzi ya kukunia nazi. Serikali ikaunda Shirika la Masoko ya Kariakoo kwa sheria ya mwaka 1974 ili liyasimamie hayo yote. Mimi sijui jengo jingine la umma nchini lililomfikiria mnunuzi wa fungu moja kwa makini namna hii.

Likafunguliwa wakati mgumu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili maduka ya ushirika yashike nafasi yao, na serikali ikalazimika kulegeza kamba baada ya bidhaa kuadimika. Kisha zikaja foleni za sukari, sabuni na unga katika maduka ya kaya, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Mlango huo ndio ulioibadili Kariakoo. Nguo, mitumba, vyombo vya plastiki, redio na baadaye simu zikajaza mitaa ya Kongo, Msimbazi na Swahili. Nyumba za vyumba sita zikavunjwa, maghorofa yakapanda, kila ukuta ukawa fremu. Chakula kikabaki kisiwa chini ya miavuli ya Amuli, kikizungukwa na biashara yenye faida kubwa kuliko nyanya.

Halafu moto. Wafanyabiashara walitawanywa katika masoko mengine ya jiji, soko dogo likabomolewa kupisha jengo jipya la ghorofa, na kazi yote ikatengewa zaidi ya shilingi bilioni 28. Mwaka 2024 orodha ya watakaorejea ilizua malalamiko makali, wengine wakidai majina yao yameachwa. Wanastahili majibu ya wazi, jina kwa jina.

Na wapo ambao hawamo katika orodha yoyote: wanunuzi. Muuza mchicha hawezi kushindana kwa kodi na muuza simu. Akiachwa ashindane, ataondoka, na atakayefuata kuondoka ni mama mwenye kikapu. Kinga yake ni rahisi kuandika katika mkataba wa pango: ghorofa ya vizimba iwe ya chakula peke yake, kodi yake ipangwe kwa biashara ya mafungu, na shimoni lishushe mboga kila alfajiri. Shirika lililoundwa kwa sheria lina mamlaka ya kufanya hivyo. Lianze kabla kizimba cha kwanza hakijageuzwa duka la chaja.