Metali Mseto na Alkaini Iliyokingama

Katika kemia, neno likikosewa, molekuli nayo hukosewa. Chukua kobalti na molibdenamu zilizofungana ndani ya molekuli moja. Mwanafunzi akiambiwa huo ni "mchanganyiko wa metali", atawaza aloi: metali zilizoyeyushwa pamoja kwa kiasi chochote. Sivyo. Hapa kobalti ni atomu moja, molibdenamu ni moja, kati yao pana bondi, na kila moja ina ligandi zake, yaani vikundi vilivyoishika, zikiwemo molekuli za kaboni monoksaidi. Ndiyo maana napenda kuliita changamano la metali mseto. Kwenye sahani ya mseto, mchele hubaki mchele na choroko hubaki choroko. "Changamano" nalo linaleta wazo la kushikamana, ambalo "mseto" peke yake halina.

Sasa ije alkaini, ndugu wa asetilini ambayo mafundi huitumia kuchomelea vyuma. Kaboni zake mbili zimeshikana kwa bondi tatu, nayo imenyooka. Ili ipate nafasi, molekuli mbili za kaboni monoksaidi huziacha metali na kutoka zikiwa gesi. Wanakemia husema alkaini imekuwa "daraja". Lakini daraja huanzia ng'ambo hii likaishia ng'ambo ile, ilhali bondi ya alkaini hulala ikiikata ile ya metali kwa pembe mraba, na kila kaboni hushika metali zote mbili. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo: kukingama. Alkaini imekingama. Atomu hizo nne sasa ni piramidi ya nyuso nne za pembetatu. Bondi ya kaboni kwa kaboni, iliyokuwa na pikomita 120 hivi, imerefuka hadi karibu 135; pembe ya digrii 180 imepinda hadi karibu 140.

Kupinda huko kuna faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, Ihsan Khand na Peter Pauson walikutanisha alkaini iliyokingama juu ya kobalti mbili na alkeni, ambayo kaboni zake mbili zimeshikana kwa bondi mbili. Wakapata siklopentenoni, pete ya kaboni tano: mbili za alkaini, mbili za alkeni, moja ya kaboni monoksaidi.

Ukiondoa kobalti moja ukaweka molibdenamu, na alkaini ikiwa na ncha mbili zisizofanana, pembe zote nne za piramidi zinatofautiana. Molekuli na taswira yake kiooni hazilingani tena, hata uzigeuze vipi. Kwa molekuli za dawa, tofauti ya aina hiyo si ndogo: mwili unaweza kuipokea moja na kuikataa nyenzake.

Kwa hiyo walimu na watunga istilahi wachore molekuli kwanza, wahesabu atomu, watazame nani kamshika nani, ndipo wachague neno. Lugha yenye kitenzi kama kukingama haina sababu ya kuazima daraja lisilofika popote.