Mabao manane ya Kanembwa

Imetimia miaka 10 tangu JKT Kanembwa, timu ya kambi ya Kakonko, ichapwe 8-0 na Geita Gold, na mkoani Kigoma bado wapo wanaokunja uso ukiwakumbusha.

Ilikuwa Februari 2016, siku ya kufunga Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Geita na Polisi Tabora waligombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Wakati Geita wakimimina manane, Polisi nao waliwafunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 katika mechi mbili, na walioliwa hawakupata hata la kufutia machozi!

Aprili, Kamati ya Nidhamu ya TFF ikaamua kwamba matokeo yalipangwa. Geita, Polisi na Oljoro wakashushwa daraja la pili; Kanembwa, waliokuwa wameshashuka, wakaporomoshwa zaidi. Waamuzi wakafungiwa miaka 10. Nafasi ya Ligi Kuu ikawaangukia Mbao ya Mwanza, walioshika nafasi ya nne.

Hizo ni adhabu za mpira. Jinai ni habari nyingine. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni, iliyoanza kutumika 1945, haikuwaza mechi za kuuzwa. Ikaja sheria ya rushwa ya 1971, kisha ile Na. 11 ya 2007 inayosimamiwa na TAKUKURU. Kifungu chake cha 15 kinamlenga wakala anayehongwa katika shughuli za mkuu wake. Kipa aliyepewa bahasha kwa siri ananasa hapo. Lakini wakubwa wa klabu wenyewe wakiafiki kufungwa, aliyesalitiwa ni nani? Shabiki aliyelipa kiingilio hatajwi. Kwa maoni yangu, upangaji wa matokeo ungepaswa kuwa kosa linalojitegemea, lenye jina lake, badala ya kubanwa ndani ya vifungu vilivyotungwa kwa ajili ya maofisa na zabuni.

Geita walirudi na kupanda Ligi Kuu 2021. Kigoma sasa inatamba na Mashujaa, waliopanda 2023 na wanaotumia Uwanja wa Lake Tanganyika. Kilichobadilika zaidi ni pesa za kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya 2003, kabla ya mtu kuweza kukaa kijiweni Mwanga, mjini Kigoma, na kusuka mkeka kwenye simu. Leo mwenye sababu ya kununua kipigo cha mabao manane si lazima awe anataka kupanda daraja.