Kutoka Kipande Hadi Mboni ya Jicho: Sheria ya Data Kenya Ilivyojengwa Mahakamani

Kabla ya kompyuta kufika Kenya, mwanamume Mwafrika alivaa data zake shingoni. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi iliyokunjwa, ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma, ikaning'inizwa kwa kamba. Humo mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi hakuajiriwa kwingine. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921 na 1922 kulalamikia kodi na kukatwa kwa mishahara, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakera.

Kikebe kiliondoka mwishoni mwa miaka ya 1940, usajili ulipowekwa kwa watu wa rangi zote. Alama za vidole hazikuondoka. Kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata, serikali, benki, hospitali na waajiri walikusanya taarifa za watu bila kuwapo sheria mahususi ya kuwauliza wanazitaka za nini, wanazitunza vipi na nani mwingine anaziona.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ndiyo iliyoanza kuuliza. Kifungu chake cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu taarifa za familia yake au mambo yake binafsi. Lakini haki hiyo ilikaa zaidi ya miaka tisa bila sheria ya kuitekeleza. Miswada iliandikwa, ikajadiliwa, ikalala.

Kukusanya hakukulala. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na laini za simu zikasajiliwa kwa kitambulisho. Programu za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma orodha nzima ya majina kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, shemeji au mwajiri wake akapigiwa kuelezwa deni lisilomhusu. Kwenye milango ya majengo ya Nairobi, mlinzi alikuwa na daftari lake la mistari: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa ya kuingia. Mgeni wa kumi alijaza mstari wake huku akisoma nambari za tisa waliomtangulia.

Kilichovunja ukimya ni Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho mbalimbali, aina ile inayobadilisha sheria nyingi kwa mkupuo mmoja. Ndani yake mlikuwa na mabadiliko ya Sheria ya Usajili wa Watu yaliyoanzisha mfumo mmoja wa taifa wa utambulisho, huo ulioitwa Huduma Namba. Tafsiri ya data za kibayometriki iliyowekwa humo ilitaja alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe ya sikio, mboni na retina ya jicho, mawimbi ya sauti, na hata DNA. Sehemu nyingine iliruhusu kurekodiwa kwa mahali mtu anapoishi kwa mitambo ya setilaiti.

Wa kwanza kwenda mahakamani walikuwa shirika la Nubian Rights Forum, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na shirika la Kenya Human Rights Commission. Wanubi walikuwa na sababu yao. Kwa miongo mingi vijana wao, wengi wakiwa wa Kibera, walipitishwa mbele ya kamati za kuwahoji kabla ya kupewa kitambulisho, na waliona mapema kwamba asiye na kitambulisho angeachwa nje ya mfumo mpya pia.

Aprili 1, 2019, mahakama ilitoa amri za muda: usajili ufanyike, lakini usiwe wa lazima, DNA isichukuliwe, na data zisipewe watu wengine. Usajili ukaanza kote nchini, na serikali ikatangaza kwamba zaidi ya watu milioni 35 wamejiandikisha.

Kesi ikiwa bado mbele ya majaji, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Ulinzi wa Data, Novemba 8, 2019. Mengi ndani yake yalifuata kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018: data zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi zinazohitajika, na mwenyewe awe na haki ya kuziona, kuzirekebisha na kudai zifutwe.

Hukumu ilisomwa Januari 30, 2020 na majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir. Vipengele vya DNA na mitambo ya setilaiti vilifutwa kwa kukiuka Katiba. Mfumo wenyewe haukufutwa, lakini majaji waliuwekea sharti: serikali iweke kwanza mpangilio kamili wa kisheria na kanuni za kuulinda. Sheria iliyotiwa sahihi bila ofisi ya kuisimamia na bila kanuni haikutosha.

Kuanzia hapo, neno "kwanza" ndilo lililoamua kesi kubwa za data nchini.

Novemba 2020 Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza, na mwezi huohuo serikali ikaanza kutoa kadi za Huduma. Shirika la Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai, msomi aliyewahi kuongoza tume ya kurekebisha katiba, wakaenda mahakamani na hoja moja nyembamba. Sehemu ya 31 ya sheria mpya inamtaka anayepanga kuchakata data kwa njia inayoweza kuhatarisha haki za watu afanye tathmini ya athari kabla hajaanza. Iko wapi tathmini ya Huduma Namba?

Haikuwapo. Serikali ilijitetea kwamba data zilikusanywa kabla ya sheria kuzaliwa. Jaji Jairus Ngaah hakukubali. Haki ya faragha ilikuwepo tangu 2010, na sheria ilitungwa kuitekeleza haki hiyo. Oktoba 14, 2021 alibatilisha uamuzi wa kutoa kadi na kuagiza tathmini ifanywe kwanza. Mradi uliosajili mamilioni ulikwama kwa sababu ya waraka mmoja ambao haukuandikwa kwa wakati wake.

Kampuni binafsi ziliitazama kesi hiyo kama ugomvi wa serikali na wanaharakati. Zamu yao ilikuwa njiani. Kanuni za Sheria ya Ulinzi wa Data zilianza kutumika 2022, na kuanzia Julai mwaka huo wanaoshika data za watu wakatakiwa kujisajili. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 ilisamehewa, isipokuwa ikiwa katika kazi kama elimu, afya, mikopo, hoteli au kamari. Hospitali ndogo ya mtaani haikuwa na pa kujificha.

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitangaza adhabu tatu kwa pamoja. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho na kupiga simu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyodukuliwa. Zote ziliadhibiwa kwa kutumia taarifa ambazo wenyewe hawakuulizwa.

Udukuzi una kifungu chake. Data zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, kampuni ina saa 72 tangu ilipojua kumwarifu Kamishna, na aliyepewa kazi ya kuchakata data kwa niaba yake ana saa 48 kumwambia aliyempa kazi. Ikiwa data zilifungwa kwa msimbo usiosomeka, kampuni inaweza kusamehewa kuwaarifu wateja mmojammoja, jambo linalofanya gharama ya ulinzi wa kiufundi ionekane nafuu. Julai 2023, mtandao wa eCitizen, wenye maelfu ya huduma za serikali, uliposhambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, waziri Eliud Owalo alikiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Kwa kampuni yenye kitengo kidogo cha kompyuta, kuweza kusema hivyo kwa ushahidi ndani ya siku tatu ni kazi kubwa kuliko kuzima shambulio lenyewe.

Faini, kwa upande mwingine, si ya kufilisi. Kiwango cha juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ulaya huchukua kilicho kikubwa, kati ya euro milioni 20 na asilimia 4. Ofisi ya Kamishna nayo imefungwa na saa: ina siku 90 kuamua lalamiko, na Mahakama Kuu imewahi kubatilisha uamuzi wake uliotoka baada ya muda huo kupita.

Nchi jirani zilipita njia zinazofanana. Uganda ilipata sheria yake Februari 2019, miezi michache kabla ya Kenya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua tume yake Aprili 2024. Mwezi uliofuata, katika shauri la wakili Tito Magoti, Mahakama Kuu ilisema baadhi ya vifungu havieleweki kiasi cha kukiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Kesi iliyorudisha sehemu ya 31 kwenye magazeti ilihusu kampuni ya kigeni. Mwishoni mwa Julai 2023, vijana walipanga foleni kwenye jumba la KICC, Nairobi, kutazama ndani ya tufe la chuma lililopiga picha mboni za macho yao. Malipo ya Worldcoin yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti 2 serikali ilisimamisha shughuli hiyo, lakini laki kadhaa walikuwa wameshatazama.

Katiba Institute ilirudi mahakamani na swali lake la Huduma Namba. Mei 5, 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamua kwamba data zilikusanywa bila tathmini ya athari, na kwamba idhini iliyovutwa kwa fedha si idhini halali. Aliamuru data za kibayometriki za Wakenya zifutwe kabisa ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia.

Amri hiyo ilileta kazi ambayo sheria ya 2019 haikuieleza kwa kina. Daftari la mlinzi linaweza kuchomwa mbele ya shahidi. Picha ya mboni huweza kugeuzwa msimbo, msimbo ukanakiliwa kwenye mashine za nchi kadhaa, nakala za dharura zikawekwa kwingine. Msimamizi aliye Nairobi hana budi kudai kumbukumbu za mifumo, orodha ya kila mahali data zilipopita, na haki ya kutuma mkaguzi wake mwenyewe. Kampuni za Kenya zinazohifadhi data za wateja kwenye mashine za kukodi ng'ambo, zikiwemo benki na shule, zina sababu ya kuyataka mambo hayohayo yaandikwe kwenye mikataba kabla ya kutuma faili la kwanza.