Kujisema Vibaya kwa Wanawake Wenye ADHD

Kujisema vibaya ni mazoea ya kujihukumu moyoni kwa maneno makali: "mimi mzembe", "kichwa changu hakishiki kitu". Kwa wanawake wenye ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na kutotulia, mazoea hayo huelezwa kirahisi kuwa sehemu ya hali yenyewe. Maelezo hayo hayatoshi. ADHD humsahaulisha mtu na kumkatishia kazi njiani. Jina la "mzembe" hupewa na watu, na likirudiwa miaka mingi mwenyewe hulichukua akajiita.

Utambuzi

Mfano uliojenga elimu ya ADHD ni mvulana asiyetulia darasani. Msichana anayekaa kimya huku mawazo yakiwa mbali hupita bila kugundulika. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5 (2013), hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, hivyo mwanamke wa miaka 35 hulazimika kueleza alivyokuwa darasa la tano.

Njombe na Makambako

Katika mkoa wa Njombe, Tanzania, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, wanawake wengi huishi kwa viazi, chai, parachichi na, pale njia panda ya Makambako, biashara ndogo za barabarani. Sehemu ya fedha zao hupitia vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Anayechelewa kikao hulipa faini, na aliyesahau kitabu cha hisa vilevile. Mtu atasema kanuni ni moja kwa wote, na bila faini kikoba hufa. Ni kweli, lakini faini ikilipwa imekwisha. Jina la "hayuko makini" halilipiki, na ndilo analokwenda nalo nyumbani. Wengine hudai kwamba kujisema vibaya huko ni sonona tu. Sonona huweza kuwapo pia, ila usahaulifu wa tangu utotoni huwa umetangulia. Dai la kwamba kujikaripia humchapusha mtu ndilo dhaifu kuliko yote: kundi la mwanasaikolojia Stephen Hinshaw, lililofuatilia wasichana huko California kwa miaka kumi, liliripoti mwaka 2012 kuwa takribani asilimia 22 ya waliokuwa na ADHD ya aina mseto (kukosa umakini pamoja na kutotulia) utotoni walijaribu kujiua, dhidi ya 6 ya wenzao wasio nayo. Hiyo si takwimu ya watu waliochapushwa na lawama.

Msaada

Tiba ya mazungumzo iliyoasisiwa na Aaron Beck humfundisha mtu kuipima hukumu kabla ya kuikubali. Rufaa za ukanda huu huelekea Mbeya, lakini washauri nasaha wako karibu zaidi: utafiti wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na kliniki za dawa za VVU, zenye washauri hao, zimeshaenea. Huko anayekosa tarehe yake huitwa "mtoro". Kabla ya kumwita hivyo, mshauri angeweza kumuuliza kama alikuwa akisahau hivihivi tangu shuleni.