Vidole Vilivyofutwa na Chai

Mwaka jana nilimpeleka mama kwenye ofisi moja ya malipo ya wazee. Karani, kijana mpole, akamwambia, “Kogo,” yaani bibi, “weka kidole hapa.” Mama akaweka. Mashine ikakataa. Akakipangusa kwa leso, akaweka tena. Ikakataa. Tukajaribu dole gumba, tukajaribu shahada, tukahamia mkono wa kushoto, wapi. Mwishowe kijana akaugeuza mkono wa mama kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kogo alikuwa akifanya kazi gani?”

“Chai,” nikamjibu.

Mama alichuma chai miaka 31 upande wa Konoin, Bomet. Majani mawili na kichipukizi, dole gumba na shahada vikikutana tangu umande wa asubuhi hadi kengele ya mizani. Utomvu wa chai hutia ngozi weusi ambao sabuni haiutoi. Weusi ukikaa, ngozi hukauka na kupasuka, ikipona husagika tena, mpaka ile mistari ya vidole aliyozaliwa nayo mtu inapotea. Vidole vya mama ni laini kama kokoto za mtoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia historia ya kidole, na nimegundua kwamba njia yake inapita mlangoni petu.

Inaanzia India, mwaka 1858. Ofisa wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimtaka mkandarasi wa barabara aliyeitwa Rajyadhar Konai apige chapa ya kiganja kwenye mkataba, asije akaukana kesho. Kwa hiyo Waingereza walikitaka kiganja cha mtawaliwa kwa ajili ya kazi kwanza, na polisi wakafuata baadaye. Edward Henry na wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walibuni namna ya kuzipanga alama ili moja iweze kupatikana kati ya maelfu. Mwaka 1901 utaratibu huo ukafika Scotland Yard, London. Mwaka 1905 ndugu wawili wa ukoo wa Stratton walinyongwa kwa mauaji, na ushahidi mkubwa ulikuwa alama ya dole gumba kwenye kisanduku cha pesa.

Hapo ndipo hadithi za upelelezi zilipopata chakula chao. Mimi nilizipenda tangu shuleni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka 1960, alinifundisha kwamba hakuna jambo dogo kwa mtu anayetazama. Baadaye nikamsoma Agatha Christie. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1920, na msimulizi wake ni Hastings, ofisa aliyerudishwa nyumbani kutoka Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya majeraha. Mpelelezi wake, Poirot, ni mkimbizi wa Ubelgiji aliyefukuzwa kwao na vita hiyo hiyo. Nadhani naelewa kwa nini watu walizikimbilia hadithi hizo. Mamilioni walikuwa wamekufa na hakuna aliyeulizwa. Katika kitabu, anakufa mmoja, na hadithi haiishi mpaka ijulikane nani alifanya.

Maofisa kama Hastings walikuja kwelikweli huku kwetu, Kericho, jirani na Bomet. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kiingereza waliotoka vitani, na bahati nasibu ya mashamba ikachezwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Kericho ilipangiwa koloni la maofisa walemavu, lililojulikana kwa kifupi BEADOC. Walipewa ekari zipatazo 25,000, zilizokatwa kutoka hifadhi ya Wakipsigis, ambao Waingereza wa siku hizo waliwaita Lumbwa. Wazee wetu walilisha ng’ombe hapo. Hakuna aliyewaomba.

Maofisa hao walilima kitani. Wakati wa vita kitani kilikuwa mali, kwa kuwa kitambaa chake ndicho kilichofunika mabawa ya ndege, na vita ilikuwa imeifunga njia ya kitani cha Urusi na Ubelgiji. Amani iliporudi bei ikaporomoka. Mavuno ya Kericho yalikokotwa na magari ya maksai hadi stesheni ya Lumbwa, leo Kipkelion, na gharama ya safari ikala kilichobaki. Muongo haukufika katikati kabla ya mradi kufa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Brooke Bond ilikuwa imeingia Kenya 1924, na mwaka uliofuata James Finlay ikaja na kampuni yake, African Highlands, ikanunua ardhi ya maofisa. Ndipo chai ilipotanda. Yaani mashamba haya ya kijani tunayojivunia ni masalio ya Vita Kuu ya Kwanza.

Chai inahitaji mikono, na mikono ilikuwa imeshatafutiwa kamba. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa 1915, vita ikaichelewesha, ikaanza kutumika mwishoni mwa 1919 na 1920, wakati wapagazi walionusurika katika Kariakoo, lile jeshi la wabeba mizigo, walikuwa bado wanauguza mabega. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa. Iliwekwa ndani ya kikopo cha bati na kuning’inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia saini ya kukuachia, huwezi kuandikwa kwingine. Ukitoroka, vidole vyako vinakusubiri Nairobi. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa moja ya manung’uniko yaliyowatoa watu barabarani, na polisi wakawafyatulia risasi.

Babu yangu alikuwa nacho. Sikuwahi kukiona, maana kilikuwa kimeshaondolewa nilipopata akili. Nilichokiona ni mkono wake. Kila alipotoka nyumbani alisimama kizingitini, akagusa kifua, halafu akaenda. Nilidhani anajitia ishara ya dini. Bibi ndiye aliyeniambia: anatafuta kipande.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, nao wote watoe alama za vidole. Walowezi wakaghadhibika. Hayo, walisema, ni mambo ya kufanyiwa mhalifu. Hatimaye wakafunguliwa mlango: ajuaye kusoma na kuandika atoe picha na saini badala ya vidole. Nasoma habari hiyo na kifua kinanibana. Miaka zaidi ya 25 walikuwa wameviona vidole vya babu vikipakwa wino, na walijua maana yake.

Hapa sina budi kujisema. Nilikuwa karani wa mizani, kisha wa malipo, katika shamba moja la chai. Siku ya mshahara nilishika pedi ya wino, nikaita, “Dole hapa, anayefuata.” Miezi kadhaa aliyefuata alikuwa mama. Wino mweusi juu ya utomvu mweusi. Sikuwahi kuangalia kama alama imetoka vizuri. Tulipohamia utaratibu mpya, nilishuhudia karatasi kuukuu zikichomwa nyuma ya ofisi, magunia kwa magunia, nikasimama tu na kuona moshi.

Sasa najua kilichoungua. Waliochukua ardhi waliacha saini, na saini hizo zimetunzwa vizuri kwenye hifadhi za nyaraka. Waliolima waliacha vidole, navyo tukaviteketeza. Ombi langu kwa kila shamba, Kericho na Bomet, ambalo bado lina karatasi za zamani za malipo ghalani: msizichome. Mchwa wasiachiwe. Ndio ushahidi pekee ulioandikwa na wachumaji wenyewe, kwa vidole vyao, kabla chai haijavifuta.

Siku ile mambo yaliisha kwa mimi kutia saini kwa niaba ya mama. Tulipotoka nje aliniuliza, “Basi humo ndani nimeandikwa mimi au umeandikwa wewe?” Nikamwambia jina ni lake. Akaitazama mikono yake, akaifunga katika leso, tukaenda kutafuta gari.