Milango Mingi ya Somo Moja

Mtu akimimina maji kwa ndoo katika chupa yenye mdomo mwembamba, mengi humwagika nje na chupa hubaki karibu tupu. Akimimina kidogo kidogo, hujaa. Mfano huu si wetu. Aliuandika mwalimu mmoja wa Rumi, jina lake Quintilianus, aliyezaliwa katika nchi ya Hispania yapata mwaka 35 baada ya Kristo. Twautaja kwanza kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa shauri la kupanga somo kwa kuangalia tofauti za watoto limetoka juzi katika vyuo vya walimu. Sivyo; ni la zamani sana.

Quintilianus alitaka mwalimu aanze kwa kuichungua akili na tabia ya mtoto aliyeletwa kwake. Hakupenda watoto wapigwe, ingawa fimbo ilikuwa desturi ya shule za wakati ule. Na katika kufundisha kusoma alisifu kuwapa wadogo herufi za pembe za ndovu wazichezee. Kisha herufi zichongwe katika ubao, ili kalamu ya mtoto ifuate mifuo ile isipotee njia. Yapata mwaka 403 Mtakatifu Yeronimo, yule aliyefasiri Biblia kwa Kilatini, alimwandikia mama mmoja aitwaye Laeta juu ya malezi ya binti yake Paula, naye akatoa shauri lile lile: herufi za mti au za pembe, na mchezo wenyewe uwe masomo. Tena akaonya kwamba mtoto asikemewe akiwa mzito wa kujifunza.

Walakini maneno mema hayadumu shuleni kwa kuwa yameandikwa. Miaka zaidi ya 1,200 baada ya Yeronimo, watoto wa Ulaya walikuwa wakikariri Kilatini wasichokielewa, kwa machozi. Ndipo akatokea Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, askofu wa Kanisa la Umoja wa Ndugu. Kanisa lile ndilo shina la Wamoravian, ambao wajumbe wao walifika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891. Comenius alifiwa na wazazi angali mtoto, akaingia shule ya Kilatini akiwa kijana wa miaka 16 hivi, kwa hiyo aliyaona mabaya ya shule kwa macho ya mtu mzima. Baadaye tauni ikamwulia mke na watoto wawili. Mwaka 1628 akakimbia nchi yake kwa sababu ya imani. Na mwaka 1656 mji wa Leszno alikokimbilia ukateketezwa kwa moto, pamoja na maandiko yake ya miaka mingi.

Miaka miwili tu baada ya moto ule, mwaka 1658, kikapigwa chapa mjini Nuremberg kitabu chake kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Kilikuwa na masomo 150 yenye picha. Katika picha kila kitu kilitiwa namba, na namba ile ile ikaandikwa penye neno lake, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Hata herufi zilifundishwa kwa sauti za wanyama: kunguru akalia, na kondoo, na panzi. Sheria ya Comenius ilikuwa hii, kwamba kinachoonekana kiletwe mbele ya macho, kinachosikika kiletwe masikioni, kinachogusika kishikwe. Na kitu kikiweza kujulikana kwa njia mbili au tatu, basi kiletwe kwa njia zote.

Mtu huyu alijua vizuri kwamba watoto hawafanani. Katika kitabu chake kikubwa cha ufundishaji, kilichochapwa Amsterdam mwaka 1657, alihesabu aina sita za akili, tangu mtoto mwepesi mwenye kiu ya elimu hata mzito aliye mkaidi. Lakini hakuwajengea madarasa sita. Alisema wote ni wanadamu, wana viungo vilevile, yafaa wafundishwe kwa njia moja iliyo njema, na wazito wachanganywe na wepesi. Hapa twakiri kosa letu. Tulipata kumweka mtoto mmoja nyuma ya darasa, tukamwita mzito muda wa miezi mingi. Kumbe hakuona ubao. Alipoitwa mbele kwa sababu nyingine, akasoma. Jina tulilompa halikumwondokea upesi kama tulivyodhani. Wenzake waliendelea kumwita hivyo.

Mji wa Rumi ukarudi tena katika habari hii. Maria Montessori alipata shahada ya udaktari huko mwaka 1896, akawatunza watoto waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili. Alisoma vitabu vya waganga wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, akavinakili kwa mkono wake ili ayapime maneno yao polepole. Baadhi ya watoto wale wakajua kusoma na kuandika, wakafaulu mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida. Watu wakastaajabu. Yeye akastaajabia jambo jingine: ikiwa hawa wamefika hapo, wale wazima wanazuiwa na nini?

Tarehe 6 Januari 1907 akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Huko herufi zilikatwa katika karatasi ya msasa, zikabandikwa juu ya kadi. Mtoto aliipapasa herufi kwa kidole akifuata njia ya kuandika, akiitazama, huku akisikia sauti yake na kuitamka. Ni ule ubao wa Quintilianus umerudi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 shauri hili liligeuzwa kidogo, na kugeuzwa huko kumeleta hasara. Walimu wengi wa Marekani na Uingereza walifundishwa kwamba huyu ni mtoto wa jicho, yule wa sikio, yule wa mkono. Kila mmoja apimwe kwa maswali, apewe somo la aina yake. Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, waliuchungua ushahidi wa jambo hili. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaidika akifundishwa kwa njia inayodhaniwa kuwa yake peke yake. Watoto hutofautiana kweli, kwa yale wanayoyajua tayari, kwa nguvu ya macho na masikio, kwa upesi wao. Lakini mtoto aliyeandikwa kuwa wa mkono amefungiwa milango mingine miwili, na aliyeifunga ni mwalimu wake.

Basi mwalimu atakayefundisha herufi M kesho, na alete muhogo na mkeka, wautamke mwanzo wa neno, waione herufi ubaoni, kisha watoke nje waiandike mchangani kwa vidole. Na yule aliyeijua tangu jana amshike mwenzake kidole, waifuate pamoja.